Abiria wa Polepole

Mimi ni fundi wa magari, na magari ya siku hizi siyapendi. Nalisema mapema ili mtu asije akanishika shati baadaye. Zamani gari likiharibika lilikuambia: lilitoa moshi, lilinguruma, lilivuja mafuta sakafuni ukajua pa kuanzia. Sasa linawasha kijitaa kidogo na kununa, na ukitaka kujua limenunia nini, sharti uwalipe wenye kompyuta. Spea huuziwi kipande. Kioo cha taa kikipata ufa, unauziwa taa nzima na waya zake. Na bei uliyotajiwa Jumatatu, ukirudi nayo Alhamisi unaambiwa hiyo ilikuwa ya Jumatatu.

Shemeji yangu watu wanamwita Polepole. Kazi yake ni kubeba vioo vya madirisha na vya milango ya maduka, kutoka karakana moja kubwa ya kukata vioo hadi kwenye majengo. Kioo hakilazwi. Kinasimamishwa kwenye fremu ya mbao nyuma ya pikapu, kila kimoja kikiwa na kipande cha blanketi kati yake na mwenzake, kisha vyote vinafungwa kwa kamba za mpira. Ukiona pikapu inakwenda mwendo wa mtu anayetoka msibani, na nyuma yake foleni ya madereva wanaotukana, ujue ni yeye. Matusi hayamfiki.

Jina hilo alipewa na mkewe, na mkewe alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Kioo kabla ya kuvunjika hulia. Blanketi likiteleza au kamba ikilegea, vioo viwili huanza kugusana, kasauti kadogo kama kijiko kwenye kikombe cha jirani. Dereva hawezi kukasikia. Ana injini na ana barabara. Kwa hiyo wabeba vioo huwa wawili, mmoja anaendesha na mwingine anasikiliza. Mdogo wangu alikaa kiti cha abiria miaka kumi na tisa, kidirisha cha nyuma kikiwa wazi na sikio lake huko huko. Akikasikia anasema neno moja tu: "Polepole." Mumewe anasimama, wanashuka, wanakaza kamba, wanaendelea. Karakana nzima ikawaita Polepole na Sikio. Miaka yote hiyo walivunja vioo vitatu, na kimoja kilivunjwa na mbuzi.

Mara moja moja nilipanda nao, na hapo ndipo tulipogombana. Pikapu ile ya zamani ilikuwa na viti viwili tu. Akiniona nakuja, mdogo wangu anafungua mlango, anashuka, anakwenda kukaa nyuma na vioo vyake. "Kaka akae mbele." Namwambia rudi mbele, wewe ndiye mwenye kazi. Hataki. Mkubwa kukaa nyuma naye yuko mbele, hilo hakulikubali hata siku moja. "Huku nasikia vizuri zaidi," anasema, na kujifunga kitambaa chake kichwani kwa ajili ya upepo. Nikawa nakaa mbele kama mzigo, na aibu yangu mapajani.

Ana miaka mitatu sasa tangu afariki. Homa ilianza kama mchezo, ikamaliza kazi siku ya kumi na moja. Siku hiyo ya kumi na moja nilikuwa chini ya gari la mteja. Nilipigiwa simu asubuhi nikasema namalizia hii giaboksi nakuja. Nikaimalizia. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Sijawahi kuipenda giaboksi yoyote tangu siku hiyo, na mwenye gari lile hajui kwa nini huwa simchangamkii.

Shemeji hakutafuta msikilizaji mwingine. Alijisikilizia mwenyewe, shingo imepinda, mwendo umepungua hadi watoto wa shule wanampita, na bado mwaka wa kwanza alivunja vioo sita. Kisha mama mwenye karakana ya vioo akatoa amri: gari lenye zaidi ya miaka kumi halibebi mali yake, bima haikubali. Pikapu ya shemeji ilikuwa na umri wa mtu mwenye wajukuu. Akaiuza kwa bei ya vyuma chakavu, akakopa kwenye chama, akaenda kununua mpya. Kati ya siku aliyoulizia na siku aliyoichukua, bei ilipanda mara mbili. "Ningesubiri wiki nyingine, shem," aliniambia, "ningetoka pale na usukani peke yake."

Ilikuwa nyeupe, milango minne, viti viwili mbele na benchi nyuma. Ukifunga mlango, dunia inakatika. Masikio yanaziba kama umezama kwenye pipa la maji. Kidirisha cha nyuma hakifunguki, kimegandishwa kiwandani.

"Humu hutasikia kioo hata kikipasukia mapajani mwako," nilimwambia.

"Najua," akasema.

Siku ile ile ya kwanza, kabla hajatoka getini kwa wauzaji, taa ikawaka. Ni kijitu chekundu kilichochorwa kwenye dashibodi, kimekaa, mkanda umekipita kifuani. Maana yake kiti cha abiria kina mtu na mtu huyo hajafunga mkanda. Na kengele juu: ting, ting, ting. Kiti kitupu kabisa.

Akawarudishia. Fundi wao alivaa shati jeupe, na fundi mwenye shati jeupe mimi simwamini. Akachomeka kompyuta, akaisoma, akasema, "Hakuna hitilafu, mzee. Kuna abiria, hajafunga mkanda."

"Abiria yuko wapi?"

Yule fundi akachungulia ndani, akatazama tena kompyuta yake, akasema yeye anakwenda na inavyosema. Kama mzee hataki, abadilishe sensa, kile kifaa cha chini ya kiti kinachotambua kwamba mtu amekaa. Dhamana? Dhamana ilikufa siku ya tatu, shemeji alipotoboa bodi ili afunge fremu ya vioo. Na sensa haiuzwi peke yake, inauzwa na kiti kizima, na kiti kizima kilikuwa nusu ya bei ya pikipiki mpya. Mwezi uliofuata alirudi na hela mkononi. Kiti kilikuwa kimefikia bei ya pikipiki. Akacheka mpaka mlinzi akamtazama, akarudi nyumbani, akavuta mkanda wa kiti kitupu akaufunga. Taa ikazima. Akaendelea na kazi.

Ningekuwa mtu wa kusahau, ningesahau. Lakini asubuhi moja alikuja gereji kwangu kubadilisha oili, na alipomaliza kunywa chai nikamwona anazunguka gari, anafungua mlango wa abiria kwanza. Akasimama pale ameushika. Akasubiri kidogo, mtu anavyomsubiri mwenzake akusanye nguo yake. Kisha akainama akafunga mkanda, akaufunga mlango taratibu, ndipo akazunguka kwenda upande wake.

"Unamfungulia nani?" nikamtania.

"Nafunga mkanda tu, shem. Taa isinisumbue."

Nikacheka, naye akacheka. Lakini mtu anayefunga mkanda tu hana cha kusubiri.

Wiki hiyo hiyo gari la mteja lilinikwamisha njiani, nikampigia shemeji anipitie. Alikuwa na vioo saba nyuma. Nikakamata mlango wa mbele, kama kawaida yangu. Umefungwa kwa ndani.

"Kaa nyuma, shem," akasema kupitia dirisha lake. Hakunitazama.

Nikakaa nyuma kwenye benchi. Kijitu kingine kikawaka kwenye dashibodi, cha viti vya nyuma, kwa ajili yangu. Nikafunga mkanda, kikazima. Mbele yangu kile kiti kitupu kilikuwa kimefungwa mkanda wake sawasawa. Tukaondoka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wanauza vocha kando ya barabara. Tulipoteremka kwenye matuta karibu na kituo cha mafuta, kengele ikalia.

Ting.

Mara moja tu. Mkanda wa kile kiti umefungwa, wangu umefungwa, wa shemeji umefungwa. Shemeji akawasha taa za pembeni, akasimama kando, akashuka. Nikamfuata. Kwenye kioo cha nne blanketi lilikuwa limeteleza lote, na pembe yake ilishaanza kula mbao. Tuta moja zaidi, vingekwenda vyote.

Alirudisha blanketi, akakaza kamba.

"Imeanza lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa pili. Hajakosea hata mara moja."

Alisema *hajakosea*, na mimi sikumsahihisha. Nikajiambia ni mtikisiko: mzigo ukisogea bodi inatikisika, kiti kinatikisika, sensa inashtuka. Fundi lazima awe na maneno ya kujiambia. Usiku nililala nayo, lakini hayakunipa usingizi.

Kisha ukaja ukaguzi wa magari. Mkaguzi alikaa, akafungua mkanda wa abiria, kijitu kikawaka. Akaandika. Gari halipati cheti mpaka taa hiyo irekebishwe, siku kumi na nne. Bila cheti mama mwenye karakana hatoi hata kioo cha kujitazamia. Shemeji akauliza tena bei ya kiti, na sitaitaja hapa maana nitatukana.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Nitaangalia."

"Usiguse kiti, shem."

"Siku saba zimebaki."

"Nimesema usiguse kiti. Nitazungumza na mkaguzi."

Utazungumza naye nini, nikafikiri. Utamwambia hiki kiti kina mwenyewe? Na hapo, nakiri, nilikasirika. Alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mke wa mtu. Nami nimezeeka nikishika spana. Siwezi kukubali kwamba dada yangu amegeuka kuwa hitilafu ya umeme kwenye gari la mkopo. Nikamwambia alete gari nikague breki. Huo ulikuwa uongo.

Nilitoa viti vyote, vya mbele na benchi la nyuma, nikavipanga uwanjani. Nilitaka kuona kila waya. Za benchi zilikuwa zimechomekwa barabara, kila moja mahali pake, nikazivuta kwa mkono kuhakikisha. Chini ya kiti cha abiria nikakuta plagi ya sensa inaning'inia, bado iko kwenye kikaratasi chake cha nailoni. Haijawahi kuchomekwa tangu kiwandani. Mtu alisahau, basi. Na magari haya yametengenezwa hivi: likikosa habari za kiti, linahesabu kuna mtu. Ndiyo usalama wao. Nikaichomeka. Ikalia tak! Nikawasha gari, kijitu hakipo. Kazi ya dakika moja, bila senti, na wale wa mashati meupe walitaka bei ya pikipiki.

Furaha yangu ilidumu kama sigara moja. Kisha swali likanijia lenyewe. Kama plagi ilikuwa nje, kiti hicho kilikuwa hakina mdomo. Taa sawa, nimeielewa. Lakini ile kengele ya kwenye matuta, mkanda ukiwa umefungwa, ilipigwa na nini? Nikafuta mikono, nikarudisha viti, nikaamua kutojiuliza tena.

Shemeji alikuja jioni kabla jua halijazama. Akafungua mlango wa abiria, akasubiri, akafunga. Akazunguka, akakaa, akawasha. Akaikodolea macho dashibodi. Akaufungua mkanda wa kile kiti. Hakuna taa. Akaufunga, akaufungua tena.

"Umegusa kiti."

"Ilikuwa plagi tu, shem. Ilikuwa nje tangu kiwandani. Utapata cheti kesho."

"Umemshusha," akasema.

Hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana. Aliondoa gari, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaondoka kwa kasi.

Cheti alipata. Kazi akarudishiwa. Wiki mbili zilizofuata alivunja vioo vitano. Alisimama kila hatua mia kushika kamba, na bado alivunja, kwa sababu kioo kinakwenda katikati ya hatua mia. Mama mwenye karakana akampa salamu: kikivunjika kimoja zaidi, mzigo unakwenda kwa mtu mwingine. Mkopo wa ile pikapu ulikuwa na miaka minne mbele yake. Lakini alipokuja kwangu hakuzungumzia mkopo. Alikaa kwenye tairi, mikono imelegea, akasema, "Kule ndani kumekuwa kimya sana, shem. Kabla hujagusa hakukuwa kimya hivi."

Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka macho. Mara ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya gari, na mara hii nimeharakisha kwa sababu ya gari.

"Kesho nakwenda nawe," nikasema. "Nitasikiliza mimi."

"Wewe? Wewe husikii hata ukiitwa chakula."

Kweli. Miaka thelathini ya nyundo na injini imeyala masikio yangu. Lakini nilikwenda. Vilikuwa vioo tisa vya duka la nguo, virefu kuliko sisi. Shemeji akanifungulia mlango wa mbele mwenyewe, safari hii bila kusubiri kitu. Nikakaa kile kiti. Kijitu kikawaka kwa ajili yangu, nikafunga mkanda, kikazima. Plagi yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Nikageuza sikio nyuma nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilisikia pumzi zangu. Sikusikia kingine. Tulipita soko, tukapita shule, tukaanza kuteremkia kituo cha mafuta, kwenye yale matuta, nami nikajua kwamba hata vioo tisa vikipiga kelele nyuma ya ule ukuta wa kimya, mimi sitavisikia, na leo shemeji atapoteza kila kitu na mimi nimekaa hapa mbele kama mzigo.

Ting.

Nilitazama mkanda wangu. Umefungwa. Shemeji alikuwa ameshaingia kando. Akanionyesha dashibodi kwa kidole. Kijitu kilikuwa kimewaka, lakini si cha mbele. Kilikuwa cha nyuma, cha nafasi iliyo nyuma ya kiti changu.

Hatukugeuka kwanza. Tulishuka, kila mtu upande wake, tukaenda kwenye fremu. Kamba ya chini ilikuwa imefyatuka kwenye ndoano yake, na kioo cha mwisho kimeegemea hewa. Tukakishika wote wawili, tukakirudisha, tukafunga kamba mara mbili.

Tuliporudi ndani kijitu cha nyuma kilikuwa bado kinawaka. Benchi lilikuwa tupu, plastiki ya dukani bado iko juu yake, haina hata mkunjo.

"Amekupisha," shemeji akasema.

Nilitafuta maneno ya kifundi. Waya za benchi nilizivuta kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja, na hakuna iliyokuwa nje. Basi nikafanya nilichokuwa nikifanya siku zote. Nikafungua mkanda, nikashuka, nikauacha mlango wa mbele wazi kabisa, nikasema kwa sauti, kandokando ya barabara, mbele ya watu wa kituo cha mafuta, "Rudi mbele. Wewe ndiye mwenye kazi."

Tukasubiri. Magari yalipita. Kijitu hakikuhama.

"Hataki," shemeji akasema. "Si unamjua."

Namjua. Nikarudi kukaa mbele. Nikageuka, nikaliambia lile benchi jambo ambalo nilipaswa kulisema hospitali, kwamba ningeiacha ile giaboksi, kwamba nilichelewa, anisamehe. Sauti yangu haikukaa sawa, na shemeji akatazama dirishani ili nisione haya. Kisha nikanyoosha mkono nyuma, nikavuta mkanda wake, nikaufunga.

Taa ikazima. Shemeji akaondoa gari, na matuta yaliyobaki tukayapanda moja moja.